Mtu Mzima na Dawa ya Mwili Mzima

Katika Kiswahili neno "mzima" limepewa kazi nyingi. Asiyeugua ni mzima. Aliyetoka utotoni akapata akili ya kujiamulia mambo yake ni mtu mzima. Aliyenusurika baharini husemwa kuwa yu mzima, na mkate ambao haujamegwa ni mkate mzima. Mwenye haraka ataziona hizi kuwa maana nne zilizokutana katika neno moja kwa bahati tu. Mwenye subira huenda akashuku kwamba waliolirithisha neno hili katika hali hiyo walikuwa na jambo la kusema: kwamba afya, akili ya kujiamulia, uhai na ukamilifu hukaa pamoja, na kwamba anayelipunguza moja huyatikisa yote. Suala linalochunguzwa hapa ni dogo kwa umbo, nalo ni kidonge cha maumivu anachokimeza mtu asiyeugua. Lakini kidonge hicho huzigusa maana zote nne, na kwa hiyo yafaa kipimwe kwa mizani ya maadili kama kinavyopimwa kwa mizani ya mfamasia.

Mahali pa kukipimia ni Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kabla jua halijapanda, magari ya mizigo husimama katika mitaa iliyo karibu na soko, kama vile Mkunguni, Tandamti na Swahili, na wachukuzi huinamisha migongo yao kupokea magunia, maboksi na marobota ya nguo. Kazi hii haina mshahara wa mwezi. Ujira hutolewa kwa mzigo, na asiyebeba hali. Ifikapo adhuhuri joto la mji wa pwani limekwisha kolea, shati limelowa jasho, na mgongo umeanza kudai haki yake. Ndipo mchukuzi anapovuka njia kuelekea kwenye duka la dawa.

"Dada, nipe ya mgongo."

"Mgongo tu, kaka, au mwili mzima?"

"Mwili mzima."

Vidonge hutolewa, fedha hupokewa, maji hutafutwa, na baada ya muda mfupi mchukuzi yuko tena chini ya mzigo. Katika biashara hii hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Dawa ni halali, bei inajulikana, na muuzaji amemtendea wema mtu aliyekuwa akiumwa. Ikiwa lipo kosa, hapana budi litafutwe mahali ambapo hakuna hata mmoja wa hao wawili anayepaona, yaani ndani ya huo mwili mzima uliotajwa.

Damu haiendi mwilini kwa hiari yake. Moyo huisukuma, mishipa huibana, na kwa nguvu hizo mbili hupatikana shinikizo ambalo bila yake ubongo ungekosa damu mara tu mtu anaposimama. Shinikizo hilo halikai katika kima kimoja mchana kutwa. Huongozwa na neva pamoja na homoni, yaani wajumbe wa kikemia wanaotolewa na tezi na viungo vingine, kisha wakasafiri katika damu. Mchukuzi anapoinua gunia, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, na moyo huenda mbio. Anapopoteza maji na chumvi kwa jasho, figo hutoa renini, kitu kilichogunduliwa na Robert Tigerstedt na Per Bergman mjini Stockholm mwaka 1898 katika figo za sungura. Renini hukata protini moja iliyotengenezwa na ini, na kipande kinachopatikana hukatwa tena, hasa katika mapafu, kikawa angiotensini. Hii ndiyo homoni yenye amri kubwa. Huibana mishipa, kisha huziagiza tezi za juu ya figo zitoe aldosteroni, ambayo huizuia chumvi isitoke katika mkojo. Na ilipo chumvi, maji huifuata.

Hayo si maradhi, ni ulinzi. Bila ya ulinzi huo, mtu afanyaye kazi juani angeanguka kabla ya saa sita. Walakini kila mwenye amri anahitaji wa kumzuia. Figo hiyo hiyo inayotoa renini hutengeneza pia prostaglandini, ambazo hutanua mishipa yake na kuisaidia chumvi kutoka, ili amri ya angiotensini isigeuke kuwa udhalimu. Mwili wa mtu mzima, basi, ni mfano wa baraza ambamo mwenye amri na mwenye kumzuia wameketi pamoja. Afya haipatikani kwa kumnyamazisha mmoja wao, bali kwa mapatano yao.

Sasa ni bahati, au msiba, kwamba prostaglandini zina kazi nyingine pia. Katika msuli ulioumia na kiungo kilichovimba, hizo ndizo zinazoukuza uchungu. Mwaka 1971 John Vane, akifanya kazi London, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamaa yake hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel kwa elimu hiyo. Katika jamaa hiyo wamo ibuprofeni, diklofenaki na indomethasini. Lakini kidonge hakijui mgongo uko wapi na figo iko wapi. Huingia katika damu, na damu huenda kote. Kinapomnyamazisha anayelalamika mgongoni, humnyamazisha pia mzuiaji aliyeketi katika figo. Mchukuzi alipojibu "mwili mzima" alisema kweli kubwa kuliko aliyoikusudia.

Jambo hili halikujulikana kwa kukisia. Mwaka 1976 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa kwa watu wasio na ugonjwa: walipewa indomethasini, na angiotensini ikatiwa katika mishipa yao. Ikaonekana kwamba nguvu ya homoni hiyo ya kubana mishipa ilizidi pale dawa ilipokuwa imetangulia. Mwaka 1994 yalijumlishwa matokeo ya majaribio mengi ya dawa za jamaa hiyo, ikaonekana kwamba kwa wastani huongeza shinikizo kwa kadiri ya milimita 5 za zebaki, na kwamba hupunguza manufaa ya dawa za presha kwa wale wanaozitumia. Hata parasetamoli, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa mpole miongoni mwa vidonge vya maumivu, ilionekana katika uchunguzi wa Edinburgh uliochapishwa mwaka 2022 kuwa huongeza shinikizo kwa karibu kadiri hiyo hiyo, pale watu 110 wenye presha walipotumia gramu 4 kwa siku kwa muda wa wiki mbili.

Tena dawa za maumivu si peke yake. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni hulifanya ini litoe kwa wingi ile protini inayokatwa na renini, na kwa baadhi ya wanawake shinikizo hupanda. Predinisoloni na deksamethasoni ni ndugu wa kotisoli, homoni ya mwili wenyewe, na zikitumiwa kwa siku nyingi huweza kulipandisha shinikizo. Baadhi ya dawa za mafua zinazozibua pua hufanya hivyo kwa kuiga kazi ya adrenalini. Hizi zote ni dawa za kawaida, na wengi wanaozimeza hawajioni kuwa wagonjwa.

Lakini insafu yataka kweli isemwe kwa kipimo chake, kwa maana hofu ni sumu kama uzembe. Kwa kijana mwenye afya, anywaye maji ya kutosha, anayemeza vidonge viwili kwa siku mbili kisha akaacha, kupanda huko kwa shinikizo huwa kudogo, na aghalabu hupita bila ya kuacha alama. Mwili mzima una akiba. Hatari iko kwingine: kwa anayemeza kila siku, kwa aliyekauka maji, na kwa yule ambaye presha imekwisha mwingia naye hana habari. Yule wa pili anastahili kuangaliwa zaidi. Mtu aliyepoteza maji kwa jasho ndiye ambaye renini na angiotensini zake zimepanda, na kwa hiyo ndiye ambaye figo zake zinazitegemea mno prostaglandini ili zisikose damu. Kumwondolea mzuiaji saa hiyo ni kumwondolea katika saa ya haja. Basi ni nani aliye mbali zaidi na yule kijana mwenye akiba, na karibu zaidi na hatari hii, kuliko mchukuzi wa Kariakoo wakati wa adhuhuri?

Na yule wa tatu, asiyejua kuwa ana presha, si mtu wa nadra. Katika uchunguzi uliofanywa Ilala, hapo hapo Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2000, kiasi cha watu 3 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 na zaidi walikutwa na shinikizo lililofikia au kupita 140 kwa 90. Miongoni mwao, waliokuwa wakijua hali yao hawakufika mmoja katika watano. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa kwa kuficha. Lakini hapa mgonjwa hakuficha kitu. Maradhi ndiyo yaliyojificha kwake. Presha haiumi, haiwashi, haivimbi. Aliye nayo huamka, huoga, hubeba, hucheka na wenzake, na akiulizwa hali hujibu kwa moyo mweupe kwamba yu mzima.

Hapa ndipo elimu ya tiba inapomwachia kazi mwanafalsafa. Je, dhara lisilohisiwa ni dhara? Wako watakaosema kwamba mwenye mwili ndiye shahidi wa mwili wake, na kwamba kumwambia mtu asiyeumwa kuwa anadhurika ni kumwingilia. Hoja hii ina uzuri wake, kwani humwachia mtu enzi juu ya nafsi yake. Lakini haisimami. Mtu aliyeibiwa akiwa usingizini ameibiwa, ingawa hajaamka. Aliyesengenywa asisikie amevunjiwa heshima, ingawa hana habari. Kuhisi ni njia moja ya kulijua dhara. Si sharti la kuwapo kwake. Na ikiwa ni hivyo, basi mtu anaweza kuwa na haki ya kuambiwa jambo ambalo mwili wake mwenyewe haukumwambia.

Haki hiyo ni juu ya nani? Ili kulijibu swali hili yafaa kurudi kwa wale watu wa mwaka 1976 waliotiwa angiotensini mishipani. Elimu iliyoko leo juu ya kidonge na homoni imejengwa juu ya miili ya watu wa namna hiyo, watu wasiougua waliokubali kujaribiwa. Ulimwengu ulijifunza kwa uchungu mkubwa namna ya kuwatendea. Baada ya ukatili wa madaktari wa Kinazi kuhukumiwa Nuremberg, iliandikwa mwaka 1947 kwamba ridhaa ya hiari ya anayejaribiwa ni ya lazima kabisa. Mwaka 1964 madaktari wa dunia waliokutana Helsinki walitoa tamko lao juu ya jambo hilo hilo. Tanzania nayo ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na utafiti wa afya juu ya watu hupitia kibali cha maadili.

Mfano wa karibu uko Bagamoyo. Mwaka 2012 vijana wanaume wenye afya walijitolea katika uchunguzi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake: 24 kati yao walichomwa sindano zenye vijidudu hai vya malaria, na 6 wakachomwa maji ya chumvi ili iwepo njia ya kulinganisha. Kwa mwenye kusikia juu juu, kumtia malaria mtu mzima ni jambo la kutisha. Walakini vijana hao walielezwa watakachotiwa, walikubali, walipimwa damu mara kwa mara, na vijidudu vilipoonekana walitibiwa. Hatari ilikuwapo, lakini ilikuwa na macho juu yake.

Sasa mtu huyu wa Bagamoyo na awekwe kando ya mchukuzi wa Kariakoo. Wote wawili ni wazima. Wote wawili wametia mwilini kitu ambacho hawakukihitaji ili kuponya ugonjwa wao. Mmoja alielezwa, akapimwa, akaangaliwa, na yaliyompata yakaandikwa. Mwingine hakuelezwa, hakupimwa, hakuangaliwa, na yatakayompata hayataandikwa popote, mpaka labda siku atakapoanguka, na siku hiyo watu watasema ni presha ya ghafla. Huyu naye yumo katika jaribio, nalo hurudiwa kila siku ya kazi. Ni jaribio lisilo na daftari.

Atasema msomaji mwangalifu kwamba mfano huu umevutwa kupita kiasi. Jaribio hufanywa kwa faida ya elimu, na yaweza kuwa hatari bila ya kumfaa mwenye kujaribiwa. Kidonge huuzwa kwa faida ya anayekinunua, naye hupata nafuu aliyoitaka. Tofauti hiyo ni ya kweli, wala haifai kufichwa. Lakini na itazamwe kanuni ya Nuremberg ilikusudia kumlinda nani. Haikuandikwa kuilinda elimu. Elimu ingeweza kukua haraka zaidi bila yake. Iliandikwa kumlinda mtu asifanywe chombo bila ya kujua. Na yule ambaye mwili wake unalazimishwa kuendelea kubeba kwa kunyamazishwa, ili bidhaa ifike dukani kabla ya mchana, hayuko mbali sana na kuwa chombo. Tofauti ya makusudi haiondoi mfanano wa hali.

Hapo husimama watetezi watatu, na kila mmoja ana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza ni muuzaji. Husema: huyu ni mtu mzima, amekuja kwa miguu yake, ameomba kwa kinywa chake, amelipa kwa fedha yake, kumwekea maswali ni kumfanya mtoto. Hoja hii yajibiwa kwa neno lile lile inalolitegemea. Mtoto haachiwi kujiamulia kwa sababu hajui yatakayofuata. Mtu mzima huachiwa kwa sababu anajua, au anaweza kujua. Basi anayemwachia mtu aamue huku akimnyima habari za kuamulia amempa jina la utu uzima na kumnyang'anya maana yake. Kumweleza mchukuzi hakumfanyi mtoto. Kutomweleza ndiko kunakomfanya mtoto. Na muuzaji mwenyewe, ikiwa hakufundishwa, lawama haiwezi kuishia kwake. Humpita ikamfikia aliyempa leseni bila ya kumpa elimu, na aliyeiandika karatasi iliyomo katika boksi kwa herufi ndogo na kwa lugha asiyoisoma mnunuzi.

Wa pili ni tabibu. Husema: madhara kwa mtu mwenye afya ni madogo, ukiyatangaza sokoni, watu wataogopa dawa zote, hata mgonjwa wa presha ataziacha zile zinazomhifadhi. Hofu hii si ya bure. Ulifanyika Dar es Salaam uchunguzi wa watu 161 waliopimwa, wakakutwa na presha, wakashauriwa kwenda kwenye matibabu. Habari zake zilichapishwa mwaka 2008. Katika miezi 12 iliyofuata, waliofika kwa mtoa huduma hata mara moja walikuwa 34 katika kila 100, na mwisho wa mwaka waliokuwa wakitumia dawa walikuwa 3 tu katika kila 100. Kuambiwa ni jambo moja, kutenda ni jingine. Lakini hesabu hiyo haifundishi kwamba watu wasiambiwe. Yafundisha kwamba neno moja lililosemwa mara moja kisha likaachwa ni mbegu iliyotupwa barabarani. Aidha, kuna kusema na kusema. Anayemwambia mchukuzi "dawa hii ni sumu" amemdanganya kama anayemwambia haina neno. Ukweli una uzito wake, na kuupima ni sehemu ya kuusema.

Wa tatu ni mchukuzi mwenyewe, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Husema: nimesikia, nimeelewa, nashukuru; lakini kesho watoto watakula nini? Kwa neno hilo moja mafundisho yote ya ridhaa hutikisika. Kijana wa Bagamoyo angeweza kukataa akarudi kwake bila ya hasara. Mchukuzi akikikataa kidonge ameukataa mzigo, na akiukataa mzigo amekataa chakula. Ridhaa ya mtu ambaye njia nyingine zote zimefungwa ni ridhaa ya namna gani? Kumwonya mtu kama huyu kisha kuondoka ni kutimiza nusu ya wajibu na kuihesabu kuwa kamili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na onyo nalo huwa jepesi kinywani mwa asiyebeba.

Jina la mahali lenyewe linashuhudia. Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka 1916, wapagazi wao waliwekwa katika eneo hilo, na jina likabaki. Katika vita ile ya 1914 hadi 1918 hesabu rasmi za Waingereza ziliwataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wengi wao waliuawa na maradhi wala si risasi. Wengi hawakuulizwa kama walitaka kwenda. Mwaka 1927 ilisimamishwa katikati ya mji sanamu ya askari, na katika maandishi yake wapagazi wametajwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa, lakini aliyechongwa ni askari. Mpagazi alibaki kuwa miguu na mikono. Mwili wake mzima haukuonekana.

Nchi imepata uhuru, vita vimekwisha, na anayebeba leo hulipwa. Hayo ni mabadiliko makubwa, wala hayafai kudharauliwa. Lakini tabia ya kumwona mbebaji kuwa ni mgongo tu haijafa. Itazamwe habari ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa likafungiwa kilemba. Sheria ya vipimo inakataza mazao kufungashwa kupita kilo 100, na yamesemwa mengi kwa haki dhidi ya lumbesa kwa kuwa humpunja mkulima. Ni nadra kusikia ikisemwa kwamba lumbesa humpunja pia anayeinyanyua. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mahali ambapo mzigo wa mwanamume mmoja umeruhusiwa kupita kilo 55, zifanywe juhudi za kuupunguza. Hata gunia la halali, basi, kwa mgongo mmoja ni karibu mara mbili ya kipimo hicho. Mizani ipo sokoni. Imewekwa kwa ajili ya gunia.

Kwa hiyo wajibu uliokuwa ukitafutwa hauwezi kuwekwa juu ya mtu mmoja. Umegawanyika kama mzigo unavyogawanywa kati ya watu wanne, kila mmoja akashika pembe yake. Anayeuza dawa ana pembe ya kuuliza na kueleza. Anayetoa leseni ana pembe ya kumfundisha muuzaji na kuhakikisha kuwa maelezo yako katika lugha ya mnunuzi. Mwenye bidhaa, ambaye faida yake imepita juu ya mgongo wa mwingine, ana pembe ya uzito wa gunia, ya kigari cha kusukuma, ya kivuli na maji ya kunywa. Na mchukuzi mwenyewe ana pembe yake, ya kukubali kupimwa na kusema kweli juu ya idadi ya vidonge anavyomeza. Mmoja akiachia, mzigo humwelemea mwingine. Na kwa kawaida yake humwelemea yule aliye chini kabisa.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni makubwa mno kwa jambo la vidonge viwili. Lakini maadili hayakuanzia kwenye mambo makubwa. Mwenye duka hawezi kuipunguza lumbesa, wala kuongeza ujira, wala kujenga zahanati. Anachoweza ni kuchelewa kidogo kabla ya kuupokea mkono ulionyoshwa. Anaweza kuuliza: umekunywa maji leo? Unameza hizi tangu lini? Umewahi kupimwa presha? Maswali hayo matatu hayachukui muda mrefu kuliko kuhesabu chenji. Hayatibu chochote. Lakini anayeulizwa amehesabiwa kuwa mtu mwenye jana na kesho, anayeweza kujua na kuamua, na si mgongo uliokuja kununua ukimya.

Na akijibu kwamba hajapata kupimwa, kifaa cha kupimia presha huwekwa mkononi juu ya kiwiko, hujazwa upepo, hubana kidogo, kisha huachia. Kwa kitambo hicho mchukuzi hukaa kimya bila ya mzigo, naye huuona kwa tarakimu mwili ambao mpaka hapo aliujua kwa maumivu yake tu. Huenda tarakimu zikawa njema, akainuka na kwenda zake kwa furaha; huenda zikawa mbaya. Katika hali zote mbili atakuwa amejua, na atakapotoka dukani akaulizwa hali, jibu lake la kwamba yu mzima litakuwa na maana yake kamili.